Namna ya Kuwa Mzee wa Kanisa Kati ya Jinja na Mbale

Kwanza kabisa, kiogope kile kiti. Jina lako likishasomwa tu kanisani, kwamba wewe ndiye mzee mpya, au mwalimu wa kanisa, au katekista, kutegemea mnasali wapi, vijana watakimbia kutafuta kiti chenye mikono na mto, wakiweke mbele, kikiwatazama watu. Kikalie Jumapili hiyo moja kwa heshima yao. Jumapili ya pili hamia kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Mambo mengi ya kanisa la kijijini hutokea mlangoni. Hapo ndipo mjane asiye na sadaka anapogeukia nyumbani kabla kapu halijamfikia, na hapo ndipo anaposimama kijana aliyerudi likizo kutoka shule ya Jinja, ana swali na hajui amuulize nani. Ukiwa kwenye kile kiti hutawaona wote wawili.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyechaguliwa katika kanisa la mabati popote kando ya barabara itokayo Jinja, ikapitia Iganga na Namutumba, ikavuka vinamasi vya mpunga vya Mpologoma, ikafika Mbale chini ya mlima Wanale. Uwe Mwanglikana, Mkatoliki, Mpentekoste au mtu wa Makanisa ya Kristo, hali ni ileile: mchungaji au padri mmoja ana makanisa mengi kuliko Jumapili za mwezi, kwa hiyo Jumapili nyingi kanisa ni lako. Utaongoza ibada, utazika, utasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, utaandika majina ya watoto wa kubatizwa, na Jumatatu alfajiri utashika jembe kama jirani yako, maana kazi hii haina mshahara wa kutajwa. Watu watakuita mchungaji. Wasahihishe. Watakuita tena. Wasahihishe tena, mwaka mzima ikibidi.

Sasa kazi yenyewe. Utadhani ni kuhubiri, kwa sababu kuhubiri ndiko kunakosikika hadi sokoni. Kazi yako ni kufundisha. Imani ilifika mashariki ya Uganda ikiwa na kitabu mkononi. Agano Jipya la Kiganda lilitoka 1893 na Biblia nzima 1896, kazi ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta na wenzake, na walimu Waganda wakatembea nazo kwa miguu hadi Busoga na Bugisu. Kwa Waprotestanti, aliyetaka ubatizo aliketi kwanza akajifunza kusoma. Kanisa lako lilianza likiwa darasa, na likiacha kuwa darasa hubaki mahali pa kuimbia na kutangazia michango.

Kwa hiyo tafuta katika kanisa lako mtu anayesoma Biblia kuliko wewe. Yupo. Mara nyingi ana kitabu kilichojaa vijikaratasi, husubiri ibada iishe, kisha hukushika mkono na kuanzia Mambo ya Walawi. Hamu yako ya kwanza itakuwa kutokea mlango wa nyuma. Usitoke, na sababu yake iko juu ya kilima cha Nabugoye, mwendo mfupi kutoka mjini Mbale.

Semei Kakungulu alikuwa Mganda, jemadari, Mprotestanti aliyeamini kwa dhati. Kuanzia 1899 aliitwaa nchi ya mashariki kwa bunduki kwa faida ya Waingereza, na hilo wenyeji wa huku hawana sababu ya kulisahau, akaweka makao pale palipokuja kuwa mji wa Mbale. Waingereza wakamwondoa. Kuanzia 1906 hadi 1913 alikuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza, la Busoga, huko Jinja, kwa hiyo mtu mmoja aliishika barabara yetu ncha zote mbili. Aliporudi Mbale hakupata ufalme aliodhani ameahidiwa, lakini alikuwa na Biblia ya Kiganda na muda wa kuisoma. Aliisoma kama askari anavyosoma amri. Akajiunga na Wamalaki, kundi lililojitenga na kanisa la Kiprotestanti, likakataa dawa za hospitali na kuishika Sabato. Akaendelea kusoma. Akauliza kwa nini Torati inaagiza tohara na watu hawaitii. Husimuliwa kwamba alijibiwa kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akasema basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na jumuiya ya Abayudaya ikaanza. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala cha kuwafundishia watu wake. Alifariki 1928.

Mimi ni Mkristo na ningependa angebaki nasi. Lakini namheshimu, kwa kuwa alikichukulia kitabu kwa uzito kuliko wengi waliompa kitabu hicho. Jibu alilopewa katika simulizi ile ni jibu la kumaliza mazungumzo, na mazungumzo yakaisha kweli. Halafu tazama kilichofuata. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri na kuwafundisha watoto wao majumbani. Hawakuwa na askofu wala mfadhili. Leo wana sinagogi pale Nabugoye, na rabi wao, Gershom Sizomu, aliwekewa mikono 2008. Jirani zako hawa wanakufundisha jinsi imani inavyovuka miaka mibaya: mtu mzima anakaa chini na mtoto na kumweleza kwa nini.

Basi ukiulizwa swali usilolijua, sema hivi: “Ndugu yangu, hilo silijui. Njoo Jumatano tusome pamoja.” Maneno hayo ni mepesi. Uzito uko Jumatano, maana Jumatano kutakuwa na mvua, na msiba, na mkutano wa mwenyekiti wa kijiji, na ng'ombe aliyekata kamba. Nenda tu.

Kuhusu watoto nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo makanisa yetu yanapojidanganya. Shule ya Jumapili iko chini ya mwembe. Mwalimu ni binti wa miaka 16 aliyeachiwa watoto ili watu wazima wasikie mahubiri kwa utulivu. Hana ubao, hana chaki, hana kitabu. Ana nyimbo nne na adhabu ya kusimama. Huyo binti ndiye mwalimu wa dini wa kizazi kizima cha kijiji chenu, na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumsikiliza akifundisha. Kwa mwezi mmoja, mpe mtu mwingine mimbari, nawe ukae chini ya mwembe. Usifundishe, msaidie kushika watoto. Ukirudi kwenye kamati ya fedha utajua ununue nini kwanza, na hakitakuwa kinanda.

Wafundishe kwa lugha wanayogombania maembe. Kiganda kilikuja na wale walimu wa kwanza na kikawa lugha ya kanisa huku kote. Bibi zetu wa Bugembe wanajua sala zao kwa Kiganda na hakuna haja ya kuwanyang'anya. Lakini karibu karne nzima ilipita kabla Basoga hawajapata Agano Jipya kwa Lusoga. Mtoto anaweza kukariri Kiganda chote cha katekisimu na asijue amesema nini. Elezea kwa Lusoga, kwa Lumasaaba, na ukiwa karibu na kambi za jeshi au stendi ya mabasi, kwa Kiswahili. Kisha mpime hivi: mwambie mtoto amsimulie mdogo wake habari ya mwana mpotevu. Akisema yule kijana aliuza shamba la baba yake akapanda taksi kwenda Kampala, ameelewa. Usimkosoe.

Kuna watoto ambao hawatakuja chini ya mwembe. Busoga, muwa umeingia mashamba yaliyokuwa ya chakula. Viwanda vya sukari vimeongezeka, na watoto wa umri wa shule hukata miwa na kupakia malori ili wapate shilingi za siku hiyo. Atakayekuja Jumapili atakuja amechoka na atasinzia. Usimwamshe kwa fimbo, wala usimsomee mistari juu ya uvivu. Jumatatu nenda nyumbani kwao. Zungumza na baba kwa heshima, kwa faragha, bila kumtaja mtu mimbarini. Uliza kilichobaki ni ekari ngapi za mihogo. Mara nyingi utakuta baba amekodisha ardhi kwa miaka kadhaa, fedha imeisha, na hasira anayo tayari kabla hujafika. Kaa hivyo hivyo. Kanisa lenye wakulima wazuri linaweza kuipa familia hiyo mbegu na kipande cha ardhi ya kanisa kwa msimu mmoja. Ardhi ya kanisa ipo katika vijiji vingi, imeota majani. Somo la Amri Kumi linaweza kusubiri mtoto huyo arudi darasani, na litaeleweka vizuri zaidi kwa kusubiri.

Wakubwa kidogo, wale wa kipaimara, wafundishe historia ya hapa. Wanaujua ukuta wa Yeriko na hawajui Kyando. Askofu James Hannington aliuawa huko, katika Mayuge ya leo, tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga iliyotekelezwa na watu wa chifu Luba. Alikuja kwa njia ya mashariki, upande ambao Buganda iliuogopa. Pamoja naye waliuawa wapagazi wapatao 50. Yeye ana siku yake katika kalenda ya kanisa, wao hawatajwi. Mwaka huu mkiadhimisha siku hiyo, simamisha ibada kidogo kwa ajili yao. Na watoto wakiuliza kwa nini Mwanga aliogopa, usiseme alikuwa shetani. Waeleze habari ya Wazungu waliokuwa wakiinyakua pwani wakati uleule. Kijana anayeweza kuelewa hofu ya aliyeua na bado akamlilia aliyeuawa ameshaanza kusoma Injili.

Nawe pia usome. Ukisikia kuna kozi, hata ya wiki mbili, omba ruhusa, acha shamba kwa ndugu, nenda. Mbale haikosi mahali: kuna vyuo vya Biblia vya madhehebu kadhaa, kuna Chuo Kikuu cha LivingStone International, na juu kidogo, Sironko, kuna Buwalasi. Buwalasi ikumbuke. Mwaka 1949 alifika pale mwalimu wa shule ya msingi kutoka Acholi, kusomea kazi hiihii yako ya kusaidia kuongoza ibada vijijini. Aliitwa Janani Luwum. Alirudi tena kusomea uchungaji, baadaye akakiongoza chuo hicho, na 1974 akawa askofu mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na siku chache baadaye akauawa. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Sisemi kozi ya wiki mbili itakufikisha huko. Nasema mtu aliyesimama mbele ya rais na kusema kweli alianzia kwenye darasa la walimu wa vijijini, na darasa hilo bado lipo.

Ukirudi kutoka kozini, jizuie kutaja Kigiriki kwa muda wa miezi sita.

Kuna siku utaitwa kusema wakati hakuna la kusema. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, ukawafukia watu wengi. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo ndani ya Mbale, watu wakafa. Baada ya siku kama hizo hutokea mhubiri wa kueleza dhambi iliyosababisha. Usiwe wewe. Hujui, na hata ungejua, aliyepoteza mtoto hahitaji. Rafiki za Ayubu walifanya vyema kwa siku saba, walipoketi naye chini kimya. Waliharibu walipofungua vinywa. Beba posho na maharage, beba majembe, andika majina ya waliopotea kwa usahihi, pamoja na la baba na la mama, kwa sababu serikali ikija itataka orodha na wewe ndiye unayewajua. Mahubiri yaje mwezi ujao. Hata hapo yawe mafupi, na kama mvua bado inanyesha mlimani, nusu yake iwe kuhusu wapi pa kukimbilia.

Fedha. Mnada wa baada ya ibada uendelee, watu wanaufurahia: jogoo mmoja anunuliwe, arudishwe, anunuliwe tena hadi afikie bei ya mbuzi. Ila usitangaze nani alitoa kiasi gani. Wahesabu wawili, aandike wa tatu, na Jumapili inayofuata isomwe hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, hata kama kilichotoka ni sabuni tu. Usikae na funguo zote. Wazee wa huku wanakumbuka miaka ya 1990, Dayosisi ya Busoga ilipogawanyika kwa muda mrefu kuhusu uongozi wake, na jinsi watu waliosali benchi moja walivyoacha kusalimiana. Ugomvi wa namna hiyo huanza mapema, katika daftari ambalo mtu mmoja tu analiona.

Mwanasiasa atakuja. Miezi ya kampeni atakuja na bahasha na msafara, akiwa amechelewa kwa saa moja. Mpokee vizuri, mpe nafasi ya kukaa pamoja na mke wake, na umwambie mapema: “Mheshimiwa, karibu sana. Baada ya ibada utatusalimu pale nje.” Bahasha yake iandikwe kwenye daftari na kusomwa kama sadaka nyingine zote.

Ukiwa upande wa Mbale, usipange semina ya vijana mwezi Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ni mwaka wa Imbalu, tohara ya vijana wa Bugisu. Uwanja wa Mutoto utajaa na kanisa lako litakuwa na kwaya ya wasichana watupu. Kuna ndugu zetu wanaoihubiri vikali na wengine wanaoicheza tangu asubuhi. Ushauri wangu ni huu: mtembelee kijana kabla ya siku yake, sali naye, hakikisha kisu ni kimoja kwa mtu mmoja na kwamba mhudumu wa afya yupo. Familia ikiamua kumpeleka hospitali, itetee hadharani, kwa sababu watamcheka na atahitaji mzee wa kusimama upande wake.

Na vijana wako wakianza kusali saa kumi alfajiri, furahi kabla hujakasirika. Mwaka 1941, chuoni Mukono, wanafunzi wa uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, walikuwa wakikutana saa hizo, wakikemea walichokiona kuwa ubaridi wa walimu wao. Mkuu wa chuo akawakataza, hawakutii, 26 wakafukuzwa. Mmoja wao, William Nagenda, akawa mhubiri aliyejulikana Afrika Mashariki yote na nje yake. Wale vijana walikuwa na kiburi chao, ndiyo. Na uongozi ulikuwa na hofu yake. Wape wako ufunguo wa kanisa na mtu mzima mmoja wa kuamka nao, mwanamke ikiwezekana, kwa kuwa akina mama wenye gomesi zilizopauka ndio waliobeba uamsho huo vijijini. Kipaza sauti kibaki kimefungwa hadi kupambazuke. Jirani Mwislamu ana alfajiri yake, na mwenye mtoto mgonjwa hajalala.

Lililobaki ni kutokuwepo. Mara moja kila miezi mitatu, Jumapili moja, chukua boda boda mapema uende kusali kanisa la kijiji kingine, ukae nyuma, usijitambulishe. Waambie wasaidizi wako usiku wa Jumamosi tu. Ukirudi jioni, waite watoto watatu wa majirani, mmoja mmoja, waulize walifundishwa nini asubuhi. Ikiwa wana la kusimulia, muhula wako unakwenda vizuri. Ikiwa watakwambia ibada haikufanyika kwa sababu mzee hakuwepo, wiki ijayo usiandae mahubiri. Kaa na watu wanne, wawili kati yao wanawake, mmoja asiyefikisha miaka 25, mwandike zamu ya kufundisha ya miezi mitatu kwa majina na tarehe, na muibandike ukutani karibu na mlango, jina lako likitokea mara moja tu kwa mwezi.